Nani Ana Sababu ya Kuwa Msituni?

"Mzee, hizi za plastiki haziingii."

Skauti, yaani mlinzi wa msitu, alikuwa kijana mwembamba, sare yake imepigwa pasi vizuri. Aliyekuwa akiambiwa ni baba aliyekuja na jamaa zake wote: watoto, shangazi, keki ndani ya boksi, katoni mbili za maji ya chupa. Ilikuwa Jumamosi asubuhi kwenye mojawapo ya malango ya Msitu wa Karura, Nairobi, na foleni nyuma yao ilikuwa imeanza kurefuka.

"Tutatoka nazo zote, kijana. Hatuachi hata kifuniko."

"Wote husema hivyo, mzee. Jioni tunaziokota sisi."

Hakuinua sauti. Hakutaja sheria, ingawa ilikuwa upande wake: tangu tarehe 5 Juni 2020, plastiki za kutumiwa mara moja zimepigwa marufuku katika maeneo ya hifadhi ya Kenya, misitu ikiwemo. Aliyemaliza mjadala ni shangazi. Alirudi garini akaja na jagi na chupa kubwa ya chai, maji yakaanza kumiminwa.

Wakati huohuo walitoka kina mama wanne, mizigo ya kuni mgongoni, kamba zimepita kipajini. Skauti wa pili akachomoa kijiti kimoja katika mzigo, akakivunja. Kilikuwa kikavu. "Haya mama, mfike salama." Wakashika njia ya Huruma, mtaa wa mabati ulio jirani na msitu.

Msichana mdogo wa familia ile akauliza, na sote tukasikia: "Mbona wao wanabeba miti na sisi tumekatazwa maji?"

Baba yake alicheka. Hakuna aliyejibu.

Swali hilo halijaniacha tangu siku ile. Nimelipeleka kwenye sheria, nimelipeleka kwenye historia ya Karura, na kila nikidhani nimelipatia jibu, naona limenifungulia jingine.

Ofisi ilikuwa humo humo

Kisa cha Wangari Maathai, mwanamazingira aliyeongoza upinzani dhidi ya unyakuzi wa Karura, tunakijua sote, sikirudii. Ninachotaka tukitazame ni miaka iliyofuata, ile isiyosimuliwa sana. Januari 1999 damu ilimwagika, wanyakuzi wa ardhi wakarudi nyuma, na msitu ukabaki msitu. Kisha?

Kisha watu hawakuingia.

Kwa miaka kama kumi Karura ilikuwa imeokolewa kwenye ramani tu. Waliokuwa na shughuli humo ni wakata miti wa magendo, wachoma makaa, wapika chang'aa kando ya mito, na wanyang'anyi. Maiti zilitupwa humo. Mzazi wa Nairobi alimkataza mtoto wake kukatiza msituni hata saa sita mchana, na alikuwa na haki ya kuogopa.

Sheria ilikuwepo muda wote huo. Karura ilitangazwa rasmi kuwa msitu wa serikali mwaka 1932. Walinzi walikuwepo. Na jambo ambalo nimelifikiria zaidi ya mengine yote: makao makuu ya wasimamizi wa misitu ya nchi nzima, leo Shirika la Huduma za Misitu Kenya, KFS, yamo ndani ya Karura yenyewe. Mamlaka ya kukamata yalikuwa mwendo mfupi tu kutoka pale shoka lilipokuwa likilia.

Kwa hiyo kilichokosekana hakikuwa kifungu cha sheria, wala ofisi. Kilichokosekana ni watu wenye sababu halali ya kuwa humo. Mwizi wa miti haogopi kitabu cha sheria kilichofungiwa kabatini Nairobi. Anaogopa kuonwa, na msitu usiopitwa na mtu hauna macho.

Mabadiliko yalianzia mahali pasipotazamiwa. Sheria ya Misitu ya 2005 iliruhusu wananchi kuunda vyama vya jamii na kuingia mkataba na serikali wa kusaidia kusimamia msitu. Kwa Karura, chama hicho ni Friends of Karura Forest. Ukaja ua wa umeme, wakaja maskauti, na mwaka 2011 msitu ukafunguliwa rasmi kwa umma. Ndani ya miaka michache, pale palipoogopwa kuliko kwingine kote upande ule wa mji pakawa mahali pa kina mama kukimbia peke yao alfajiri.

Walioingia kukimbia hawakujua kwamba wanafanya kazi ya ulinzi. Walikuwa wanaifanya.

Ua

Hapa ndipo shaka yangu ya kwanza inapoanzia, na sijaimaliza.

Bila ua, sidhani kama lolote kati ya haya lingewezekana. Msitu wa hekta 1,041 uliozungukwa na jiji pande zote, penye njia za panya mia, haulindiki kwa doria za miguu pekee. Ua ulifunga njia hizo, ukaleta watu kwenye malango machache yanayoonekana. Lori la magogo halipiti kwenye lango lenye skauti.

Lakini njia ya panya ya mwizi na njia ya mama anayefuata kuni mara nyingi ni njia moja. Ukiifunga, umewafunga wote wawili. Kando ya Karura kuna Muthaiga na Runda, mitaa ya matajiri. Kando yake pia kuna Huruma na Githogoro, mitaa ya mabati iliyouzoea msitu kwa vizazi. Kwa mwenye gari, lango lilikuwa mlango mpya uliofunguliwa. Kwa jirani wa mabati, lilikuwa mahali pa kwanza ambapo mtu aliuliza anaenda wapi.

Waliokuwa wakisimamia waliliona hilo, na nawapa heshima yao. Maskauti waliajiriwa kutoka mitaa ile ile. Kina mama waliruhusiwa kuokota kuni zilizoanguka, kwa utaratibu. Kijana wa Huruma aliyevaa sare anamjua anayebeba panga kwa nia mbaya kabla hajafika kwenye mti, na anamjua kwa jina la mamake. Hakuna askari wa kuletwa kutoka mbali atakayepata ujuzi huo kwa mafunzo ya miezi michache.

Hata hivyo, kila nipitapo kando ya ua ule najiuliza: ruhusa ya kuni ni haki, au ni hisani? Tofauti yake ni kubwa. Hisani hubadilika mkuu wa kituo akibadilika.

Kosa la nani ni kosa

Nilikisoma kifungu cha 64 cha Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Misitu ya 2016, ile iliyochukua nafasi ya ya 2005. Bila kibali, huruhusiwi kukata wala kuondoa mazao ya msitu, kuwasha moto, kulisha mifugo, kukusanya asali, wala kuwa msituni kati ya saa moja jioni na saa kumi na mbili asubuhi, ila kama unapita kwenye njia inayotambulika au uko katika shughuli zilizoruhusiwa. Adhabu ni faini isiyopungua shilingi 100,000, au kifungo, au vyote viwili.

Shilingi 100,000.

Weka kiasi hicho mbele ya watu wawili wa Jumamosi ile. Kwa mwenye gari ni maumivu. Kwa mama mwenye kamba kipajini ni jela, kwa kuwa hana mahali pa kuzitoa. Sheria imeandika kiwango kimoja, lakini uzito unaowafikia si mmoja. Na ukiangalia makosa yenyewe, mengi ni ya mtu anayeutafutia maisha msitu: mchungaji, mlina asali, mwokota kuni. Makosa ya mgeni wa wikendi hayafiki mahakamani hata kidogo. Kuwalisha kima mkate mpaka wanakuwa wakali. Kumfungua mbwa kamba naye akamfukuza paa. Kuacha kijia na kukata kona mpaka mteremko umebaki udongo mtupu unaosombwa na mvua. Kwa haya yote dawa ni maneno: "Mama, tafadhali mshike mbwa."

Siombi watu wafungwe kwa ajili ya mbwa. Maneno ndiyo njia sahihi, na skauti hana bunduki wala mamlaka ya kushtaki. Akikutana na la kumshinda humwita askari wa KFS, mwenye silaha na nguvu za kisheria. Mpangilio huo naupenda. Mtu wa kwanza unayekutana naye amefundishwa kuongea, wa pili ndiye wa kukamata, na kati yao kuna nafasi ya jambo kuisha bila mtu kuumia.

Ninachoomba ni kwamba upole ule anaoupata mwenye mbwa aupate na mwenye kuni. Nimeshuhudia ukipatikana. Kijiti kilivunjwa, kikaonekana kikavu, mama akaagwa kwa heshima. Lakini niliyoyaona yalikuwa kazi ya skauti mmoja mwema asubuhi moja. Panapotegemewa wema wa mtu, rushwa nayo hukaa karibu, kwa kuwa anayeweza kukusamehe bila kuandika popote anaweza pia kukuuzia msamaha bila kuandika popote. Ndiyo maana nataka utaratibu wa kuni ubandikwe langoni kama ilivyobandikwa orodha ya ada: siku gani, kuni za namna gani, nani wa kumlalamikia.

Sheria hiyo hiyo ya 2016, kabla ya kufika kwenye makosa, inataja haki ambazo chama cha jamii kinaweza kupewa katika msitu: dawa za mitishamba, asali, kuni, nyasi na malisho, utalii na burudani, elimu na utafiti. Soma tena orodha hiyo. Mbio zako za Jumapili na kuni za mama wa Huruma zimo katika orodha moja. Bunge halikuandika kwamba mmoja ni mgeni wa heshima na mwingine ni mvumiliwa.

Choo ni sehemu ya sheria

Hapa huenda nikaonekana nimehama mada.

Ukitaka kujua kama msitu wa umma unasimamiwa vizuri, usiulize kwanza wamekamatwa watu wangapi. Tafuta choo.

Ndani ya Karura kuna mito, Ruaka na mto Karura wenyewe ikiwemo, kuna maporomoko na mapango watu wanayoyapenda. Familia inayotembea na watoto wadogo hadi kwenye maporomoko itahitaji choo kabla haijarudi. Choo kikiwa mbali, kichafu au kimefungwa, watoto watapelekwa kichakani, na kichaka kilicho karibu ni kile cha ukingo wa mto. Huwezi kuweka askari kila kichaka, na hata ukiweza, utamfanya nini mtoto wa miaka minne? Kosa limekwisha kutengenezwa na aliyepanga mahali pa choo.

Vibao navyo ni hivyo hivyo. Makutano ya vijia vya Karura yana nambari. Nilidhani ni kwa ajili ya wanaopotea, na ndivyo, lakini nambari hizo pia humwezesha anayekimbia kupiga simu na kusema "nipo karibu na namba fulani, kuna mtu ameanguka" au "nasikia msumeno." Nambari ya rangi kwenye kigingi imegeuza kila mwenye simu kuwa mtoa taarifa anayeeleweka.

Kijia kilichopangwa vizuri hukuweka mbali na ukingo laini wa mto bila kukugombeza. Kikinyooka kupita kiasi, baiskeli zitakimbia kwa kasi na kumgonga mzee. Benchi likiwekwa pabaya, kima watajifunza kwamba pale ndipo chakula kinapofunguliwa. Anayechora ramani ya vijia anaamua ni makosa mangapi hayatatokea kamwe, naye hakai katika idara ya usalama.

Marekani, yenye misitu ya taifa mikubwa kuliko nchi nyingine nyingi zilivyo kwa ukubwa wote, ina sheria ya mwaka 2004 kuhusu ada za burudani katika ardhi ya serikali kuu. Sheria hiyo inasema eneo la kutoza ada ya kawaida lazima kwanza liwe na maegesho yaliyotengenezwa, choo cha kudumu, pipa la taka, kibao cha maelezo, meza za kulia na huduma ya ulinzi. Choo kwanza, shilingi baadaye. Na sehemu kubwa ya ada, kwa kawaida asilimia 80 au zaidi, hubaki pale ilipokusanywa. Si kila kitu cha kule kinatufaa. Misitu yao mingi haina kijiji kinachoota moto kwa kuni zake. Lakini kipengele hicho ningekichukua kama kilivyo.

Shilingi ya langoni inaenda wapi

Agosti 2025 swali hili lilitoka kwenye vitabu likaja barabarani. KFS iliagiza malipo yote ya Karura yapitie eCitizen, mtandao wa serikali wa huduma na malipo. Friends of Karura Forest wakapinga, jambo likafika Mahakama ya Mazingira na Ardhi, na mahakama ikalisimamisha agizo kwa muda. Mtandaoni watu waliwaka. Wakimbiaji, waendesha baiskeli, wazazi wa shule, watu ambao hawajawahi kukubaliana juu ya lolote, walikuwa na sauti moja.

Naelewa hoja ya serikali, na siidharau. Fedha ya umma lazima ifuatike. Msitu ni wa Wakenya wote, mwananchi wa Turkana naye ana fungu lake, na chama cha jamii chochote kinachoshika mapato lazima kikaguliwe. Anayesema "tuaminini tu" simwamini, awe ofisini au awe chamani.

Lakini fuata shilingi 100, ambayo kwa miaka mingi ndiyo ilikuwa ada ya mwananchi mtu mzima. Inamlipa skauti, na skauti ndiye aliyezungumza na baba yule juu ya chupa. Inanunua sabuni ya choo. Inarudisha kibao kilichoanguka, inaita fundi ua ukikatwa usiku. Kila kitu nilichokieleza hapo juu kuhusu sheria kutekelezwa bila kishindo kinategemea fedha kufika leo, hapa, bila kusubiri ombi lipande ngazi na kushuka baada ya robo mwaka. Ua wa umeme uliokatika hausubiri bajeti. Usiku mmoja unatosha.

Kwa hiyo naweka msimamo wangu wazi: malipo yapitie mtambo wowote ule, mradi sehemu kubwa irudi msituni kwa haraka na kwa mujibu wa maandishi, na hesabu ibandikwe langoni mahali ninapoweza kuisoma nikiwa kwenye foleni. Hilo la mwisho nalidai kwa pande zote mbili.

Si kila msitu ni Karura

Shaka ya pili ni hii, nayo inanisumbua kuliko ya ua. Karura ina jiji mlangoni. Misitu mingi ya Kenya haina. Nani atakimbia asubuhi katika Mau?

Arabuko-Sokoke, kule Kilifi, una ukubwa wa kilomita za mraba 420 hivi. Hauwezi kulindwa na watu wa mazoezi. Lakini mwaka 1993 ulianza mradi wa Kipepeo huko Gede, ambapo majirani hufuga viwavi vya vipepeo wa msitu ule na kuuza pupa, yaani viwavi waliokwisha kujifunga kabla ya kuwa vipepeo, kwa maonyesho ya ng'ambo. Mfugaji anahitaji majani ya miti fulani ili viwavi wale, na mti ukikatwa, chakula cha viwavi kimekwenda nao. Jirani ambaye jana angenyamaza akisikia shoka, leo ana sababu ya kwenda kuangalia. Haijaondoa ukataji, wala umaskini. Imeongeza macho.

Kanuni ni ile ile ya Karura kwa nguo nyingine. Kwa mjini sababu halali ni mbio na pikiniki, kwa pwani ni kipepeo, kwingine ni mzinga. Ninachokiogopa ni sisi wa Nairobi kuichukua Karura kama kielelezo na kupeleka ua, tiketi na mgahawa mahali ambapo watu wanahitaji nyasi za ng'ombe. Tutapata malango mazuri yasiyo na wageni, na majirani wenye hasira upande wa pili wa waya.

Na hata Karura kwenyewe, wingi wa sababu halali una kikomo. Mbega wamerudishwa humo na wanastawi. Wanahitaji sehemu zisizo na muziki. Wikendi zingine vijia vikuu vimejaa hivi kwamba naona udongo umeshindiliwa hadi mizizi imetokeza. Siku itafika ya kuambiwa "leo pamejaa, rudini kesho," nami nitaikubali, ila kwa sharti: anayerudishwa asiwe yule wa kuni kwa kuwa yeye hakulipa langoni.

Ninachoenda kuandika

Sheria inataka kila msitu wa umma uwe na mpango wa usimamizi, na wananchi washirikishwe katika kuutengeneza. Mipango hiyo hupenda kuhesabu wageni waliolipa. Nitakapopata nafasi ya kutoa maoni juu ya wa Karura, nitaomba wahesabiwe pia waliotoka na kuni, wachumaji wa dawa, na maskauti wenyewe wanakotoka. Nitaomba ruhusa ya kuni iingizwe kwenye mkataba kwa maandishi, isibaki mdomoni mwa mkuu wa kituo. Nitaomba choo karibu na maporomoko kitajwe kwa jina na kwa bajeti, katika sura ya ulinzi.

Kama wewe nawe huingia humo, kwa raba au kwa kamba, andika yako. Maoni ya mtu mmoja mwenye blogu ni rahisi kuyaweka kando.